Ramani kama Matini: Ziwa Jilore katika Ramani za Kale za Topografia

Utangulizi

Neno matini, kwa wanafunzi wengi wa Kiswahili, huleta akilini kitu kilichoandikwa kwa sentensi au beti: riwaya, utenzi, hotuba, habari ya gazetini. Ni nadra ramani kuhesabiwa miongoni mwa matini hizo. Hata hivyo, ramani ina msamiati wake, ina sarufi yake ya alama na rangi, ina mwandishi wake na ina msomaji aliyekusudiwa. Ina pia mambo inayoyasema kwa sauti kubwa na mengine inayoyanyamazia.

Makala haya yanalenga kueleza namna ya kuisoma ramani ya kale ya topografia kama matini. Mfano uliochaguliwa ni Ziwa Jilore na mazingira yake, katika Kaunti ya Kilifi, takriban kilomita 20 magharibi mwa mji wa Malindi. Ziwa hili liko kando ya Mto Sabaki, upande wa kusini, na kusini yake umetanda msitu wa Arabuko-Sokoke. Hoja kuu ni kwamba ramani hizi huaminika sana zinapojibu swali la wapi, lakini majibu yake huwa haba zinapoulizwa lini, na haba zaidi zinapoulizwa nani aliyepaita hapo hivyo na kwa nini. Majibu ya maswali hayo mawili ya mwisho yamehifadhiwa katika lugha za wenyeji, na kwa sababu hiyo ni kazi ya wanaisimu na wanafasihi kama ilivyo kazi ya wapima ardhi.

Ramani ya masikio na ramani ya macho

Pwani ya Kenya ina nafasi ya pekee katika historia ya ramani za maziwa. Katika miaka ya 1850, wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann waliandaa ramani ya bara ya Afrika Mashariki bila ya wao wenyewe kufika katika sehemu kubwa waliyoichora. Waliitegemea mazungumzo ya wafanyabiashara na wasafiri wa misafara walioyajua bara. Kila msafara, kwa njia yake, uliishia kwenye maji makubwa. Wamisionari hao waliyaunganisha maji yote hayo yakawa ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono aliyetoka gambani. Ramani hiyo ilichapishwa mwaka 1856. Mwaka uliofuata, Richard Burton na John Speke walianza safari ya kwenda kuitafuta hiyo bahari ya bara, na mwaka 1858 ikabainika kwamba Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyanza ni maziwa mawili mbalimbali.

Ramani ya Erhardt na Rebmann yafaa kuitwa ramani ya masikio. Ilikosea umbo, lakini ilitambua jambo moja la msingi: kwamba wenyeji walikuwa na elimu ya nchi yao, na kwamba elimu hiyo ilikuwa katika maneno.

Ramani za topografia za karne ya 20 zilifuata njia nyingine. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliunda idara maalumu ya upimaji wa makoloni, ambayo mwaka 1957 ilibadilishwa jina ikawa idara ya upimaji wa ng'ambo. Idara hiyo, ikishirikiana na idara ya upimaji ya Kenya, ilitengeneza ramani za skeli ya 1:50,000 kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka ndegeni. Picha mbili za eneo moja, zilizopigwa kutoka pembe mbili tofauti, zikitazamwa pamoja kwa chombo maalumu huonyesha vilima na mabonde kana kwamba mtazamaji yuko angani. Kutokana na picha hizo mchoraji huchora mistari ya kontua, mito, njia na nyumba. Baadaye wapima ardhi huenda nyanjani kuhakikisha vipimo na kukusanya majina.

Hii basi ni ramani ya macho. Umbo lake ni sahihi kwa kiwango ambacho Erhardt na Rebmann wasingeweza kukiota. Lakini kamera haisikii. Picha haikuambii mto unaitwaje, wala ziwa lililopigwa picha leo lilikuwa na ukubwa gani mwaka jana. Majina yaliongezwa mwishoni, juu ya mchoro uliokwisha kukamilika.

Sarufi ya karatasi

Kabla ya kuingia katika tafsiri, yafaa msomaji ajue kanuni chache. Karatasi moja ya mfululizo huu hufunika dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, yaani eneo la takriban kilomita 28 kwa 28. Sentimita 2 katika karatasi ni sawa na kilomita 1 katika ardhi. Mistari ya gridi huigawa karatasi katika miraba ya kilomita moja moja, na kwa miraba hiyo mahali popote huweza kutajwa kwa tarakimu.

Rangi nazo zina maana maalumu. Buluu ni maji. Kahawia ni mistari ya kontua, ambayo kila mmoja huunganisha mahali penye kimo sawa kutoka usawa wa bahari. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali, na ikiachana, nchi ni tambarare. Kijani ni mimea. Nyeusi ni kazi ya mikono ya watu: nyumba, njia za miguu, shule, makanisa, misikiti, pamoja na maandishi yenyewe. Mstari mzima wa buluu humaanisha maji ya kudumu, na mstari uliokatikakatika humaanisha maji ya msimu. Tofauti hii ndogo ya wino ndiyo penye kiini cha suala la Jilore.

Ziwa na mstari wa buluu

Ziwa Jilore si bwawa la kuchimbwa wala halina ukuta uliojengwa na binadamu. Hata hivyo linafanya kazi ya hodhi. Mto Sabaki unapofurika, maji hupita kingo zake na kuingia katika bonde la ziwa. Mto unaposhuka, sehemu ya maji hayo hubaki. Kwa hiyo, ukubwa wa ziwa hautegemei mvua ya Jilore pekee, bali hutegemea zaidi mvua iliyonyesha mbali, katika nyanda za juu za Kenya ya kati na Ukambani, ambako mto huu unaanzia. Yaweza kutokea anga ya Jilore ikawa kavu na ziwa likajaa. Na yaweza kutokea mvua ya masika ikanyesha kijijini na ziwa likabaki chini.

Miaka ya mafuriko makubwa Afrika Mashariki, kama vile 1961, 1997 na 2023, ni miaka ya mto kupanda na kuenea katika nyanda zake za chini. Miaka ya ukame ni kinyume chake. Kati ya ncha hizo mbili, ukingo wa ziwa husogea mbele na nyuma. Katika ardhi hiyo inayofunikwa na kufunuliwa, maji yanapopungua hubaki unyevu na tope jipya lenye rutuba. Hapo ndipo mkulima hupanda, mifugo hunyweshwa, na kiboko naye hudai malisho yake usiku.

Ramani haina njia rahisi ya kueleza mwendo huo. Mchoraji alikuwa na picha ya siku moja ya mwaka mmoja. Alilazimika kuchagua pa kuupitisha mstari, na mstari ukishachapishwa hausogei tena. Anayeisoma ramani miaka 50 baadaye huona ziwa lenye ukingo ulio wazi, akadhani kwamba ndani ya ukingo huo ni maji na nje yake ni nchi kavu. Mwenyeji akisema kwamba shamba la babu yake lilikuwa pale penye rangi ya buluu, huenda akaonekana mwongo mbele ya karatasi, ilhali wote wawili wanasema kweli: karatasi inasema kweli ya siku moja, na mwenyeji anasema kweli ya miaka mingi.

Kiswahili chenyewe kina utajiri wa maneno ya kutofautisha maji yaliyotuama: ziwa, bwawa, lambo, dimbwi, kidimbwi, kinamasi, kisima. Maneno haya hayapangwi kwa ukubwa peke yake. Lambo, kwa mfano, huashiria kazi ya mikono ya watu. Kinamasi huashiria ardhi isiyo nchi kavu wala maji kamili. Rangi moja ya buluu ni finyu kuliko msamiati wa mvuvi au mchungaji.

Mto mmoja, majina kadhaa

Suala la pili ni majina. Mto unaolijaza Ziwa Jilore ni mrefu wa pili nchini Kenya baada ya Tana. Sehemu yake ya juu huitwa Athi. Baada ya kukutana na Mto Tsavo, huitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na kwa jina hilo huingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Mchoraji wa ramani, ambaye kazi yake humtaka aweke jina moja juu ya mstari mmoja, hukabiliwa hapa na mto ambao utambulisho wake hubadilika kwa kadiri unavyopita katika nchi za watu mbalimbali.

Jina Galana lina funzo la pekee. Katika lugha ya Kioromo, neno galaana hutumika kwa maana ya maji makubwa: bahari, ziwa au mto. Kwa hiyo, anayesema au kuandika "Mto Galana" anarudia neno moja katika lugha mbili bila ya kujua. Jambo hili si kosa, ni alama. Linaonyesha kwamba wasemaji wa Kikushi walikuwa na makazi na malisho katika nchi hii, na kwamba waliokuja baada yao waliipokea nomino ya kawaida wakaifanya jina la pekee. Jina la Gede, mji wa kale ulio kando ya msitu huohuo wa Arabuko-Sokoke, nalo huhusishwa na lugha hiyohiyo. Na tahajia yake imeyumba kati ya Gede na Gedi katika vitabu na ramani.

Kuyumba kwa tahajia kuna sababu zake. Kanuni zilizowekwa na Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha Uingereza mwaka 1885 zilitaka irabu za majina ya kigeni ziandikwe kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Kanuni hizo zililingana kwa kiasi kikubwa na tahajia ya Kiswahili, na hasa baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji uliojengwa juu ya Kiunguja. Hata hivyo, nchi ya Jilore ni nchi ya Wagiriama, na Kigiriama kina sauti ambazo Kiswahili sanifu hakinazo.

Tuangalie mifano michache. Anachokiita Mswahili maji, Mgiriama hukiita madzi. Mji ni mudzi. Nchi ni tsi. Mti ni muhi, na mto ni muho. Ziwa ni ziya. Jina la jumla la makabila tisa, ambalo Kiswahili huliandika Mijikenda, kwa wenyewe ni Midzichenda. Karani aliyesoma Kiswahili shuleni, akisikia dz, mkono wake huelekea kuandika j. Akisikia ts, huelekea kuandika ch. Kila badiliko kama hilo ni dogo, lakini yakijumlishwa huifanya nchi ya Kigiriama isomeke katika karatasi kana kwamba ni nchi ya Kiswahili kilichokosewa.

Hali hii inapaswa kuwashughulisha wanafunzi wa Kiswahili kwa namna mbili. Kwanza, majina ya mahali ni ushahidi wa historia ya lugha za Sabaki, jamii ya lugha za Kibantu ambayo wanaisimu waliipa jina la mto huuhuu, na ambayo ndani yake mna Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Ulinganifu wa j na dz, au wa t na h katika mto na muho, ni miongoni mwa nyenzo za kuonyesha udugu huo. Jina likisanifishwa, ushahidi hupotea. Pili, kazi ya kukusanya msamiati wa Kigiriama ina historia ndefu kuliko ramani zenyewe: W. E. Taylor, mmisionari aliyejulikana pia kwa kazi zake za Kiswahili, alichapisha msamiati wa Kigiriama mwaka 1891. Hivyo basi, maneno yalikwisha kuwekwa katika maandishi zaidi ya nusu karne kabla ya picha za angani kugeuzwa ramani.

Mto ulipofanywa mpaka

Ramani haielezi nchi tu, huweza kuamrisha. Historia ya Sabaki mwanzoni mwa karne ya 20 inalithibitisha jambo hili. Kufikia mwisho wa karne ya 19 Wagiriama walikuwa wamevuka mto na kulima ng'ambo yake ya kaskazini, penye ardhi yenye rutuba. Kwao mto haukuwa mwisho wa nchi. Ulikuwa katikati yake, mahali pa kuchota, kuvua na kuvukia.

Utawala wa Kiingereza uliutazama mto huohuo ukaona mstari. Mstari wa maji ni rahisi kuchora, ni rahisi kutaja katika amri, na ni rahisi kulindwa na askari. Baada ya upinzani dhidi ya kodi na kazi za kulazimishwa, ambao ndani yake sauti ya Mekatilili wa Menza ilisikika zaidi kuliko zote, serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914 na kuwaamuru Wagiriama waliokuwa kaskazini mwa Sabaki wahamie kusini. Nyumba zilichomwa na mashamba yakaachwa. Amri hiyo haikudumu: baada ya miaka michache watu waliruhusiwa kurejea ng'ambo ya mto. Lakini msimu uliopotea haukurejea, na kumbukumbu ya mto uliogeuzwa mpaka imebaki.

Katika ramani za baadaye, ng'ambo zote mbili za Sabaki zina nukta nyeusi za nyumba na njia za miguu zinazoshuka hadi mtoni. Msomaji asiyejua historia huziona kama mapambo. Msomaji anayeijua huona jambo jingine: njia inayoishia ukingoni upande mmoja na kuendelea upande wa pili ni njia ya watu wanaovuka. Ni hoja iliyoandikwa kwa nyayo dhidi ya ile amri ya 1914.

Kisichoandikwa

Kusini mwa ziwa, karatasi hugeuka kijani. Huo ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420. Katika ramani kijani hicho ni kimoja. Katika ardhi, msitu huo ni mitatu: upo msitu wa mchanganyiko wa miti, upo msitu wa mirihi, uliosimama juu ya mchanga mweupe na kupitisha mwanga mwingi, na upo msitu mzito wa miti mifupi juu ya udongo mwekundu. Mwenyeji aliyezoea kutafuta dawa, asali au miti ya kujengea huijua tofauti hiyo kwa rangi ya udongo chini ya miguu yake, na anayo majina yake.

Ni vivyo hivyo kwa mpaka wa msitu. Ramani huonyesha mstari uliopimwa, lakini haionyeshi ni nani alikuwa akiingia, kwa ruhusa gani na kufanya nini, kabla ya mstari huo kuwekwa. Kimya hiki hakitokani na uongo. Kinatokana na mipaka ya alama zenyewe: hakuna alama ya haki ya kupita, hakuna alama ya kaburi lisilojengewa, wala hakuna alama ya mti unaofanyiwa tambiko.

Ramani ya kesho

Mtu aweza kuuliza kwa nini karatasi ya kale ishughulikiwe leo, wakati picha za setilaiti hupatikana kwa urahisi. Jibu limo katika mto wenyewe. Mwaka 2018 ulianza ujenzi wa Bwawa la Thwake katika Mto Athi, mbali sana juu ya Jilore, lenye uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 600 za maji. Hodhi la namna hiyo ndilo mchoraji wa ramani hulipenda: lina ukuta, lina kimo kilichopimwa, na ukingo wake hukisiwa kwa kufuata mstari mmoja wa kontua kabla hata tone la kwanza halijaingia. Chini ya mto, Ziwa Jilore linategemea kitu ambacho bwawa limekusudiwa kukidhibiti, yaani mafuriko. Zaidi ya hayo, mji wa Malindi na sehemu nyingine za pwani, Mombasa ikiwemo, hupata maji kutoka Baricho, katika mchanga wa bonde la mto huuhuu.

Kwa hiyo, swali la ziwa lilifika wapi, mwaka gani, na nani alilima pale lilipopungua, si swali la kumbukumbu tupu. Yeyote atakayetaka kupima kama ziwa limepungua atahitaji kipimo cha kuanzia, na ramani ya kale itakuwa miongoni mwa vipimo hivyo. Ikisomwa peke yake, itasema kwamba palikuwa na ziwa la ukubwa fulani. Ikisomwa pamoja na ushahidi wa wazee, itaeleza pia kwamba ziwa hilo lilikuwa likienda na kurudi, na kwamba watu walipanga maisha yao kwa kwenda na kurudi huko.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ramani ya topografia ni matini yenye nguvu na mapengo. Nguvu yake ni vipimo. Mapengo yake ni wakati, majina na haki za watu. Mapengo hayo hayazibwi na kamera bora zaidi, kwa kuwa hayakutokana na udhaifu wa kamera.

Kazi iliyopo yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa lugha. Ichukuliwe karatasi ya 1:50,000 ya kijiji chake. Kila jina lililochapishwa lisomwe mbele ya wazee wawili au watatu, na liandikwe jinsi wao wanavyolitamka, dz ikibaki dz na ts ikibaki ts. Waulizwe maana yake, lugha yake, na jina lililotangulia kama lilikuwapo. Kisha waulizwe maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko na yalirudi wapi mwaka wa ukame, na mahali hapo patiwe alama kwa tarakimu za gridi. Majibu yaandikwe pamoja na tarehe ya mahojiano. Wazee walioshuhudia mafuriko ya 1961 wakiwa vijana wanazidi kupungua, na kila anayeondoka huondoka na sehemu ya ramani ambayo haijapata kuchapishwa.